Mwaka Tuliomchekea Anko

Tulimzika Shangazi Koku mwezi uliopita, baada ya zile wiki nyingi za kungoja ambazo huku ni kawaida na ambazo sisi, hata tukae miaka mingapi, hatuzizoei. Kutoka makaburini tulirudi nyumbani kwake Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya tatu, kula chakula ambacho kina mama walikuwa wamekipika tangu asubuhi. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni na sahani yangu ya ndizi na samaki, mahali ambapo mtu anaweza kuondoka bila kuaga, nikamsikia Mama Njeri akizungumza na mwanamke aliyekaa kando yake. Mama Njeri ni Mkenya wa Thika, nimemjua tangu siku zangu za kwanza katika mji huu. "Nyumba hii, wacha tu," alisema. "Hapa tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma. Yule mzungu wake alikuwa na vituko! Kila Jumamosi." Yule mwenzake akauliza ni vituko gani. Mama Njeri akafikiri huku akitafuna. "Ai, hata sikumbuki. Lakini tulicheka." Nikaiweka sahani juu ya friji nikatoka roshanini, nikasimama kwenye baridi mpaka watu walipoanza kuvaa makoti yao.

Mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la saba, na kila sentensi hunichukua muda kama kumenya ndizi mbichi kwa kisu butu. Lakini wote wawili sasa wamekwenda, Shangazi na mumewe, na hawakuacha mtoto. Nisipoandika mimi, kitakachobaki ni maneno ya Mama Njeri, kwamba katika nyumba ile watu walicheka. Ni kweli walicheka. Hilo ndilo linaloniumiza.

Nilikuja Stockholm nikiwa na miaka kumi na tisa. Jinsi nilivyofika, na nani alinitafutia nafasi, si habari za hapa. Nilipewa chumba kidogo kilichopakana na chumba cha kuandikia cha mume wa Shangazi, na kati yetu palikuwa na ukuta mwembamba ambao ulipitisha kila kitu: kikohozi chake, kiti chake kikilia, na vidole vyake kwenye mashine ya kuchapia, ambavyo vilikwenda kwa kasi kidogo kisha vikanyamaza nusu saa. Asubuhi nilikwenda shule ya Kiswidi ya wahamiaji, nikakaa dawati la nyuma. Mchana nilirudi na kukaa jikoni. Jiko la Shangazi lilikuwa na meza ya duara yenye ubao wa kukunjua, redio iliyosema Kiswidi kwa sauti ya chini, na kabati ambalo ukilifungua harufu ya Bukoba inakupiga usoni: dagaa, kahawa ya kutafuna, na kopo la senene, wale panzi wa kwetu, waliokaangwa, ambalo ndugu walimletea kila msimu. Anko Edwin alikuwa akila senene kwa chai ya maziwa, mmoja mmoja, huku akisoma gazeti, kama wazungu wengine wanavyokula biskuti.

Nilimwita Anko kwa sababu Shangazi alisema nimwite hivyo. Alikuwa Mwingereza mrefu, mzee tayari, na nywele zake nyeupe zilisimama kama za mtu aliyeamshwa ghafla. Alikuwa mwandishi wa vitabu vya kuchekesha vinavyotokea angani, kwenye nyota na sayari za mbali. Mimi sikuwa najua kwamba kuna kazi kama hiyo. Kabla sijazoea nyumba, nilisimama mbele ya rafu yake nikatazama vitabu vyake mwenyewe vilivyotafsiriwa katika lugha ambazo yeye hakuweza kuzisoma. Kwenye kila jalada alichorwa Kapteni, mwanamke anayeongoza chombo, na kila nchi ilikuwa imempa sura yake. Kuna mahali alikuwa na nywele za dhahabu, mahali pengine alikuwa na bunduki. "Huyo mwenye bunduki simjui," Anko alisema nyuma yangu kwa Kiswahili. "Aliingia kwenye jalada akitafuta kitabu kingine." Nilishtuka nikaomba samahani na kuondoka. Nilikuwa hivyo. Mtu mzima akinisemesha, uso wangu ulijifunga kama duka.

Kiswahili alikijua kutoka ujana wake. Alizaliwa katika mji mdogo wa Uingereza ambao, kwa maneno yake, ulijengwa ili mvua iwe na mahali pa kunyeshea. Alipomaliza chuo alikwenda kufundisha sayansi katika shule moja karibu na Bukoba, na huko akakutana na Shangazi, ambaye alikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Huko pia aliazima ngazi. Paa la nyumba yake lilivuja, akaazima ngazi kwa jirani, akaziba paa, na kabla hajairudisha yule jirani akahama na familia yake yote, bila kusema anakwenda wapi. Anko alizunguka na ile ngazi kila kijiji akiuliza. Hakumpata. Aliporudi kwao Uingereza na mke, alifanya kazi katika ofisi ya gesi, kujibu watu wanaolalamika, na chini ya meza akaanza kuandika: zamani sana binadamu waliazima ngazi kutoka kwa watu wa nyota nyingine, wakasahau kuirudisha, na sasa serikali za dunia kwa aibu zimetuma chombo kikubwa chenye watu mia nne kuirudisha. Ngazi haiingii vizuri kwenye chombo. Inatokeza mlangoni. Hivyo safari yote mlango haufungiki, na hicho ndicho chanzo cha matatizo.

Kitabu kile kilipendwa. Akaandika cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano. Shangazi aliniambia kwamba kulikuwa na wakati watu wazima walikuja kwenye mikutano yake wakibeba ngazi za kweli. Walipanda nazo treni. Hata hapa Stockholm, walipohamia kwa sababu ya kazi yake Shangazi hospitalini, walikuja watu kwenye duka la vitabu na ngazi zao, wakakaa juu ya vidato kumsikiliza. Kitabu cha tano kiliisha Kapteni akiwa ameiona nyumba ya mwenye ngazi kwa mbali, na dirishani kuna taa. Halafu Anko akanyamaza miaka mingi. Mwanzoni wasomaji waliandika kuuliza: je, walibisha hodi? Nani alifungua? Baadaye wakaacha kuuliza. Mwaka niliofika ndio alikuwa anaandika cha sita, cha mwisho, na nyumba nzima iliishi kwa ajili hiyo. Shangazi alikunja hata mifuko ya plastiki polepole ili isipige kelele.

Alikuwa na njia yake ya kufanya kazi. Aliamini kwamba kichekesho kinachochekesha katika lugha unayoijua vizuri kinaweza kuwa ni ulimi tu, ujanja wa maneno. Lakini kikivuka kwenda kwenye lugha unayoisema vibaya na bado watu wakacheka, basi ni kichekesho kweli. Kwa hiyo kila Jumamosi Shangazi alipika, wakaja wageni, na baada ya chakula Anko aliwasimulia kwa Kiswahili chake kilichovunjika sura aliyoiandika wiki ile. Walipocheka, sura ilibaki. Waliponyamaza, aliitupa. Wageni wa kila mara walikuwa wawili. Mama Njeri, ambaye siku hizo alisimamia wasafisha ofisi katikati ya mji, alikuja na binti yake mdogo, Njeri mwenyewe. Wa pili alikuwa Mzee Mukasa, Mganda aliyekimbia nchi yake zamani akaishia kuendesha treni za hapa mpaka akastaafu, mtu mwenye mwili mkubwa na kicheko cha kutikisa vikombe. Wengine walikuja na kwenda.

Jumamosi ya kwanza nilifurahi. Meza ilikunjuliwa, matoke yalikuwa na mvuke, Mzee Mukasa alibishana na Shangazi kuhusu namna ya kuyapika. "Nyinyi Wahaya mnachemsha ndizi kama mnafua nguo," alisema. "Ya kwetu inafunikwa na majani, inalala, inaheshimiwa." Shangazi akamjibu, "Basi leo usile, heshimu tu." Ndipo sahani zikaondolewa, Anko akakohoa, akasimama nyuma ya kiti chake, mikono juu ya mgongo wa kiti, na kuanza. Alisimulia kidogo, akanyamaza. Mzee Mukasa akapasuka. Mama Njeri akapiga meza: "Mzee, utatuua!" Shangazi akajipiga paja. Anko akaendelea, akanyamaza, wakapasuka tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya sinki, na Njeri mdogo alikuwa karibu nami, miguu ikining'inia. Alimgeukia mama yake akasema kitu kwa Kiswidi. Kiswidi changu kilikuwa kidogo lakini hilo nilielewa: haichekeshi. Mama yake akamfinya bila kumtazama, na kuendelea kucheka.

Kesho yake nikamsikia Shangazi kwenye simu, anamwalika mtu mpya. "Njoo Jumamosi, dada. Utakula. Baadaye mzee wangu atasimulia. Huna haja ya kuelewa yote. Akinyamaza, cheka. Mzee haachwi hewani." Alipoweka simu aliona nimesikia. Alichukua ndizi, akachukua kisu, akanipa kingine, na tukaanza kumenya. Akasema kulikuwa na Jumamosi moja, miaka iliyopita, watu walikuja wamechoka na kazi, wakamsikiliza kimya mpaka mwisho. Anko aliwashukuru akaenda kulala. Hakuandika tena. "Nilikaa miaka na mtu aliye kama kiti," alisema. "Unampa chai, anapokea. Unamuuliza, anajibu. Hayumo. Sasa amerudi, Kamu. Unamsikia anavyopiga ile mashine? Wakicheka, Jumapili anaandika. Basi watacheka. Na wewe ucheke."

Nilijaribu. Kwetu mkubwa akitania, mdogo anacheka. Hakuna mtu anayefundishwa hilo. Mgeni akisimulia jambo lisilo na ladha, unamchekea, na huo si uongo, ni kama kumpa kiti. Kila aliyekuwa kwenye meza ile alilelewa hivyo, kutoka Thika mpaka Kampala, na hakuna aliyeona anatenda vibaya. Hata leo siwezi kuwaita waongo. Lakini mimi uso wangu haukuwa na kicheko cha kutoa. Nilikaa kando ya sinki na mdomo uliofungwa, na Shangazi akinipitia na birika alinigusa bega kwa kiwiko. Anko aliona. Nilijua aliona, kwa sababu kuanzia mwezi wa kumi na moja, kila aliponyamaza katikati ya hadithi na wengine wakapasuka, macho yake yalikuja kwangu, mara moja tu, kisha yakarudi.

Majilio, zile wiki za kungoja Krismasi, yalifika, taa za nyota zikawashwa kwenye madirisha ya jengo la mbele, na saa tisa mchana kulikuwa na giza. Jumamosi moja ya siku hizo Anko alisimulia sura ambayo kila mtu aliingoja, ya kufika kwenye ile nyumba. Kapteni amezeeka. Watu mia nne wamebaki ishirini. Wanashusha ngazi, wanaibeba mlimani, wanabisha hodi. Taa ile ya dirishani ni ya umeme inayojiwasha yenyewe. Wenye ngazi walishakufa, wote, zamani. Juu ya meza kuna vikombe, na kwenye paa kuna tundu, na chini ya tundu kuna ndoo iliyojaa maji mpaka juu. Hapo alinyamaza. Mikono yake ilikuwa imeshika mgongo wa kiti kwa nguvu. Nilihisi machozi yakinijia. Mzee Mukasa akapasuka: "Ndoo! Banange, ndoo!" Mama Njeri akafuata, "Na hata mimi kuna jirani Thika alikufa na sufuria yangu!" na Shangazi akacheka kuliko wote. Anko alionekana kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo si lake. Aliwatazama mmoja mmoja. Halafu akatabasamu, kidogo kwanza, halafu kabisa, na kusema, "Mnaipenda?" Wakasema wanaipenda. Usiku kucha nilisikia mashine ikienda. Kabla ya mwaka mpya alimaliza yote isipokuwa sura ya mwisho, na alichokuwa nacho akakituma London, kwa wachapishaji waliomngoja tangu nikiwa mtoto.

London walipiga simu mwezi wa pili. Shangazi alikuwa kazini. Mimi nilikuwa jikoni na daftari la Kiswidi, na kwa kuwa alizungumza Kiingereza sikushika maneno mengi, lakini sauti ya mtu haihitaji tafsiri. Ilianza kubwa. Ikawa inasema ndiyo. Ikawa inasema ndiyo, ndiyo, bila shaka, kila ndiyo ndogo kuliko iliyotangulia. Kisha alikuja akakaa mbele yangu, kwenye kiti cha Shangazi.

"Wanasema kimeandikwa vizuri," alisema. "Wanasema hakichekeshi."

"Lakini watu wanacheka, Anko."

"Ndiyo," akasema. "Hilo ndilo ninalolifikiria."

Redio iliendelea na habari zake. Alifunika kopo la senene lililokuwa wazi, akalifunua, akalifunika tena. Aliniuliza kwa nini mimi sijacheka hata siku moja. Nilimwambia uso wangu haujui. Akasema si jibu, na mimi nikajua kwamba si jibu. Nikasema, huku nikitazama daftari, kwamba ile ya nyumba tupu ilinihuzunisha. Kwamba nilitaka kulia kwa sababu ya ndoo. "Mimi nililia nilipoiandika," alisema. "Nilitaka watu wanyamaze. Hapo ndipo kitabu kizima kilikuwa kinaelekea, kwenye kimya kile. Kisha wao wakacheka, nikasema, kumbe. Kumbe inachekesha, ni mimi tu sijui. Nikarudi nikaongeza vichekesho." Aliinuka kwa shida, alikuwa anapumua vibaya siku hizo. Akaniomba nisimwambie Shangazi kuhusu simu.

Sasa nitasimulia Jumamosi ya mwisho, na nitaisimulia polepole, kwa sababu Mama Njeri alikuwepo na hajaitaja tena. Sijui kama ameisahau au ameamua kuisahau. Mtu mzima ana haki hiyo. Walikuja yeye, binti yake, Mzee Mukasa, na mwanamke mmoja wa Tanga ambaye simkumbuki jina. Theluji ilikuwa nzito, walikung'uta viatu mlangoni, wakalaumu baridi, wakala. Anko hakula. Alipoanza kusimulia hakusimama nyuma ya kiti kama siku zote, alikaa.

"Leo Kapteni anaumwa," alisema. "Anakohoa. Anakwenda kwa daktari wa chombo, peke yake, hamwambii mtu. Daktari ni mdogo sana, amenyoa leo kwa mara ya kwanza. Anamwonyesha picha ya kifua chake, anasema, unaona haya mawingu? Kapteni anasema, naona, kesho mvua." Akanyamaza. Wakacheka, na kusema kweli hapo hata mimi nilikaribia kucheka. "Daktari anasema, hatuwezi kuyakata. Tunaweza kukupa dawa utapike, labda uone kiangazi. Kapteni anauliza, chote?" Akanyamaza. Mzee Mukasa akapiga goti. "Chote! Banange, mzungu huyu!" Anko alingoja amalize. "Kapteni anapanda treni kurudi nyumbani. Treni inafika kituo cha mwisho, watu wote wanashuka. Yeye hashuki. Anakaa tu mpaka inaanza kurudi mjini." Akanyamaza. Walicheka. Mimi nikainua kichwa. Kwenye chombo cha angani hakukuwa na treni. Hagsätra ndiyo ilikuwa na kituo cha mwisho. Nikamtafuta Shangazi kwa macho lakini alikuwa anapanga vikombe, kicheko tayari kinywani. "Mara ya pili anashuka," alisema Anko. "Anapita dukani ananunua maziwa, kwa sababu mke wake alimwagiza maziwa."

Akanyamaza, muda uleule aliokuwa akinyamaza kila Jumamosi. Na wakacheka. Mama Njeri alisema, "Maziwa! Ai, mzee!" Shangazi Koku alijipiga paja, akacheka na kutikisa kichwa, birika mkononi.

"Koku," Anko alisema. "Jumanne uliniagiza maziwa."

Nimesikia kimya cha aina nyingi tangu siku ile. Kile kilikuwa na sauti ya maji yakichemka kwenye sufuria iliyosahaulika. Mzee Mukasa alikuwa bado ameinua mkono wa kupiga goti, akaushusha polepole. Mama Njeri alibaki na kiganja mdomoni. "Mzee, hiyo ni hadithi," Shangazi alisema. "Si ndiyo? Ni ya kitabu." Anko akasema hapana, kitabu kimekwisha, London hawakitaki kama kilivyo, na hii ni ya Jumanne. Hakupandisha sauti. Mama Njeri akaanza kulia, akasema walikuwa hawajui, Mungu ni shahidi. "Najua," alisema. "Msijali. Mmekuwa wageni wema sana." Aliinuka, akachukua sahani yake safi akaiweka kwenye sinki karibu yangu, akaenda chumbani kwake.

Hakukuwa na Jumamosi nyingine. Ukuta wangu ulipitisha sauti zao siku zilizofuata, na ingawa niliweka mto juu ya kichwa, nilisikia. Shangazi alisema alikuwa anamlinda. "Ungeniacha nianguke," alijibu Anko. "Ningeumia, ningeamka. Sasa sijui hata kilichokuwa kizuri ni kipi." Siku nyingine nilisikia akimuuliza kuhusu vitabu vya zamani, vile vya kwanza, alivyomsomea usiku baada ya kazi ya ofisi ya gesi, walipokuwa na chumba kimoja na jiko la mafuta. Je, alicheka kweli? Shangazi alilia kwa hasira. "Vile nilicheka kweli! Nilicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta!" Na Anko akasema, bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia, "Utathibitishaje?" Sura ya mwisho hakuiandika. Aliwapigia London akawaambia wasimsubiri. Mashine ilikaa kimya upande wa pili wa ukuta, na mimi niliyekuwa nikikereka nayo nikawa siwezi kulala bila sauti yake.

Theluji ilipoanza kuwa nyeusi pembezoni mwa barabara Anko alilazwa. Chumba chake hospitalini kilikuwa na dirisha kubwa lililotazama uwanja wa kuegesha magari, na Shangazi, ambaye alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye wodi kama ile, alikaa pale kama mtu asiyejua kitu, mkoba magotini. Tulikwenda kila siku baada ya shule yangu. Siku moja Shangazi alikuwa analaumu jambo la nyumbani, kwa kutafuta tu la kusema. Katika majengo ya huku mashine za kufulia ziko chini, ni za wote, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu nzuri ni kama shamba la urithi: watu huinyemelea miaka na miaka. Sisi tulikuwa na Alhamisi, imeandikwa kwa jina la Anko, na Shangazi alisema kwa haya mambo yote nguo zimejaa kapu na hajui hata atafua lini. Anko alikuwa amefumba macho. Tulidhani amelala.

"Koku," alisema. "Nikifa Jumatano, usimwambie mtu mpaka Ijumaa. Yule jirani wa chini anaingoja Alhamisi yetu tangu tuhamie."

Shangazi alicheka. Haikuwa kile kicheko cha kupiga paja. Hiki kilimtoka puani, kikamshtua yeye mwenyewe, akaziba mdomo kwa mkoba, na mabega yakawa yanaruka. Na mimi nikacheka. Sijui kilitoka wapi. Kilitoka kwa sauti, mbele ya muuguzi aliyekuwa anabadilisha chupa ya dawa, na sikuweza kukizuia. Nilishika chuma cha kitanda, machozi yalinitoka, nilimwona yule jirani wa chini, na kofia yake ya sufu, akisimama mlangoni siku ya Alhamisi na kapu lake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka katika nchi hii. Anko alifumbua macho. Alimtazama mkewe, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kwa makini, kama alivyokuwa akinitazama kando ya sinki. Halafu akatabasamu kwa adabu, tabasamu la mwenyeji kwa mgeni.

"Ah, Koku," alisema. "Hata huyu umeshamfundisha."

Tulimwapia. Shangazi aliapa kwa kaburi la mama yake. Mimi niliapa kwa Biblia, nikasema Anko, ni kweli, ni kweli, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojisikia nikifanana na wale wengine. Alitupapasa mikono, wa Shangazi kwanza, kisha wangu, na kutushukuru.